Wakwe zangu wa Stockholm wamenialika chakula cha usiku: niende, nilipe, au nipike?

Dada mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mjane, nakaa Unguja mjini. Nimesomesha fasihi sekondari miaka 31. Nina watoto watatu, na kitinda mimba wangu, binti, yuko Stockholm mwaka wa saba sasa. Alikwenda kusoma, akapata kazi, na mwaka juzi akaolewa na kijana wa huko huko. Kijana alisilimu, ndoa ikafungwa kwenye msikiti wa pale Medborgarplatsen. Mimi niliishuhudia kwa simu, nimekaa sebuleni na majirani, mtandao unakatika kila baada ya dakika mbili. Wazazi wa mkwe wangu sijawahi kuwatia machoni.

Mwezi wa tisa, inshaallah, nakwenda. Tiketi kanunua mwanangu, viza nimeshapata, nitakaa wiki tatu. Kila mtu mtaani ananipongeza, lakini usiku sipati usingizi kwa sababu ya mlo mmoja.

Mkwe mwenzangu wa kike alikuwa mkutubi kabla ya kustaafu. Aliposikia kuwa nilisomesha fasihi, akapendekeza tukutane sote watano kwa chakula cha usiku kwenye mkahawa uitwao Den Gyldene Freden. Mwanangu akanieleza kuwa uko kwenye mji mkongwe wao, Gamla stan, upo tangu mwaka 1722, na mwenye mali ni Akademia ya Uswidi, ile ile iliyompa Abdulrazak Gurnah Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Wanaakademia hula hapo kila Alhamisi. Dada, siku tuzo ile ilipotangazwa nilikuwa bado sijastaafu, na nilisimamisha somo. Niliwaambia wanafunzi wangu: mtoto wa Unguja, aliyepita njia hizi hizi mnazopita nyinyi. Kwa hiyo usidhani sitaki kwenda. Nataka kukaa mahali walipokaa waliomchagua.

Lakini mwanangu akanitumia menyu, na bei zake. Anakisia kuwa watu watano, tukila vizuri na vinywaji, hatutatoka chini ya kronor 4,000. Nilipopiga hesabu kwa shilingi nikaiweka simu chini. Nimepokea zamu yangu ya mchezo, shilingi milioni moja na nusu. Nimeulizia, ni kama kronor elfu tano na kitu. Nilipanga niwalipie wote, kwa sababu kwetu mtu hakutani na wakwe mara ya kwanza akala, akapangusa mdomo, akaondoka. Hawa watu wamekaa na mwanangu siku zote hizi, wamemuuguza alipougua. Mimi ndiye mwenye haja ya kuwashukuru. Mwanangu ananiambia, "Mama, usilete habari ya kulipa, utanitia aibu." Nikamwambia, basi nije nipike mimi: wali wa nazi, samaki wa kupaka, maandazi ya iliki. Akasema nyumba ni ndogo na watu wa huko mara ya kwanza hupenda kukutana nje.

Tena kuna la pombe. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ameniambia wazi kuwa kukaa kwenye meza inayopitishwa pombe haifai hata kama mimi nakunywa maji. Nikamwambia mwanangu awaombe wakwe zake wasiagize mvinyo siku hiyo. Akanyamaza kwenye simu, kimya kirefu, kisha akasema, "Mama, wao ndio wenyeji." Kimya kile kimenikaa moyoni kuliko hata zile bei.

Nilipotaka nichague mimi pahala pengine, mwanangu akanitajia mtaa wa Rinkeby, kuna mikahawa ya Wasomali, nyama halali, bei nafuu. Lakini nitawachukuaje wazee wawili wa Kiswidi niwapeleke huko, wakati wao wametaka kunipeleka kwenye mkahawa wa Akademia? Na tena nimesoma zile habari za mwaka 2022, kwamba Waswidi humuacha mtoto mgeni chumbani huku wao wakila. Nikajiuliza, watu wa namna hiyo wataelewa nini kuhusu ukarimu wangu?

Niende, nikatae, nilipe, nipike, nihamishe mahali? Nisaidie.

Mwalimu Mstaafu, Unguja


Waaleikum salaam, Mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona swali la mkahawa. Mara ya pili nikaona swali la pesa. Mara ya tatu ndipo nikamuona mama aliyekosa harusi ya mwanawe kwa sababu ya bahari na viza, ambaye sasa amepewa usiku mmoja tu wa kuifidia. Ukiubebesha usiku mmoja mzigo wote huo, hakuna mkahawa utakaoutosha, hata huo wa mwaka 1722.

Basi tuanze kwa kuutua mzigo chini, tuone kilichomo. Umealikwa kwenye mahali unapopatamani. Unataka kuwashukuru wakwe wenzako kwa njia unayoijua, yaani kwa kulisha na kugharamia. Hutaki kuvunja mpaka wa dini yako. Na hutaki kumuumiza mwanao, ambaye kila unalopendekeza analipunguza kwa sauti ya chini. Haya ni mambo manne, Mwalimu, na hayalazimiki yote kumalizwa kwenye meza moja.

Nianze na la kulipa, kwa sababu umelijengea nyumba nzima juu ya jambo ambalo bado hujalijua. Nilikaa Stockholm miaka miwili nikisoma, na somo la kwanza nililopata mezani lilikuwa neno moja la Kiswidi: bjuda. Ni kualika kwa maana ya kugharamia. Mtu akisema "vi bjuder", amekwambia sisi ndio tunaolipa, na kulivuta hilo kutoka mkononi mwake ni kumnyang'anya furaha. Akisema tu "twende tukale pamoja", basi kwa kawaida kila mtu atatoa kadi yake. Muulize mwanao wakwe walitumia neno gani. Swali dogo, lakini linaweza kukuondolea nusu ya hofu, au likakuonyesha kuwa hofu yako ilikuwa mahali pengine kabisa.

Hapo hapo nikwambie jambo la mkononi. Kama ulikusudia kubeba kronor zako kwenye bahasha, ujue mikahawa mingi ya Stockholm haipokei noti tena. Wenyewe hulipa kwa kadi, na wakigawana bili hutumiana kwa Swish, mfumo wa simu ulioanza mwaka 2012. Sisi Tanzania M-Pesa tulikuwa nayo tangu 2008, kwa hiyo hawatakushangaza kwa teknolojia, ila Swish inataka akaunti ya benki ya kwao, ambayo mgeni huna. Ukitaka kulipa popote, ulizia benki yako kabla hujaondoka kuhusu kadi inayofanya kazi nje, au mpe mwanao fedha mapema alipe kwa niaba yako. Sitaki uinuke mbele ya wakwe, ufungue mkoba, halafu mhudumu atikise kichwa. Bei za kwenye menyu zina kodi ndani yake tayari, na bakshishi si lazima.

Sasa ile habari ya 2022. Niliufuatilia mjadala ule, na nilikasirika kama wewe. Kisha nikasoma Waswidi wenyewe walivyojieleza. Wengi walisema wazee wao waliogopa kumlisha mtoto wa mtu pengine mamake kwao ameshampikia, na waliogopa kuiachia familia nyingine hisia kuwa inadaiwa. Angalia neno hilo, kudaiwa. Wao hawakutaka kumtia mtu deni. Wewe hutaki kubaki na deni. Mnaogopa kitu kimoja, kila mmoja amekishika upande wake. Sisemi kuwa njia yao ndiyo njema. Mtoto mwenye njaa nyuma ya mlango hanipendezi kwa maelezo yoyote. Nasema tu kwamba mwanamke aliyesikia kuwa mkwe wake alisomesha fasihi, akafikiri, akatafuta mkahawa mmoja katika mji mzima wenye uhusiano na mwandishi wa kwenu, huyo si mtu asiyejua ukarimu. Kakupa zawadi kabla hujafika. Je, inawezekana kwamba kuipokea bila ya kuilipa ndiyo shukrani anayoitarajia?

La pombe sitalifanya jepesi. Shemeji yako hakulitoa kichwani; ipo hadithi inayokataza kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe, na wapo wanaoishika kama ilivyo, na wapo wanaoangalia dharura ya mtu na udugu. Mimi si mtu wa kutoa fatwa. Muulize unayemwamini kwa elimu yake, mweleze hali yako kamili, si nusu. Ninachoweza kukueleza ni upande wa pili wa meza. Kumwambia Mswidi "leo tusinywe" si tusi kama mwanao anavyohofia. Sheria yao ya kuendesha gari baada ya kunywa ni kali mno, kiwango cha kilevi kwenye damu ni 0.2 kwa elfu, kwa hiyo wamezoea mezani kuwe na watu wasiogusa kilevi, na mikahawa ina vinywaji vya kuwafaa, kama sharubati ya maua ya fläder au ya matunda mekundu ya lingon. Hatari iliyopo ni ya ombi lenyewe: likifika kama sharti kutoka Unguja, kupitia kwa mkwe wao, linaweza kuwafanya wajione wanahukumiwa ndani ya mji wao. Likifika kama neno la mama, "nitafurahi sana tukikaa siku hiyo bila mvinyo, ni desturi yangu", nadhani litasikika tofauti. Lakini ni nadhani. Wewe ndiye utakayekaa pale wakikataa.

Na hapa nataka nikuulize jambo kwa upole, Mwalimu, na unisamehe kama nimekosea. Kile kimya cha kwenye simu umekisikia vipi? Wewe umekisikia kama aibu juu yako. Mimi najiuliza kama si hofu ya mtu aliyekaa kwenye meza za namna hiyo miaka saba, ambaye amejipangia mipaka yake kimya kimya, huyu anajua nini, yule anajua nini, na sasa mamake anakuja na mipaka yote itakutana usiku mmoja. Huenda wakwe zake hawajui anavyoishika dini yake. Huenda wewe hujui. Huenda si lolote katika haya, alikuwa amechoka tu kutoka kazini. Lakini kabla ya kuamua wapi mtakula, ningempigia simu isiyo na mkahawa ndani yake, nikamuuliza: mwanangu, wewe unauogopa nini usiku huo? Kisha ninyamaze mimi.

Upande wa chakula chenyewe, tuseme umekwenda Freden. Vyakula vya pale vina asili ya Kiswidi, na nyama za Kiswidi zina nguruwe mahali usipotarajia. Zile tonge za nyama zinazojulikana dunia nzima aghalabu huchanganywa ng'ombe na nguruwe, na supu ya njegere kavu za manjano inayoliwa Alhamisi nchi nzima huwa na nguruwe pia. Kuchinja bila ya kumpoozesha mnyama kwanza kumekatazwa kwa sheria tangu 1937, kwa hiyo hata nyama inayouzwa kuwa halali ina maelezo yake. Kimbilio lako ni samaki, na samaki wao ni wazuri kweli. Ila uliza mchuzi: mchuzi mweupe wa samaki mara nyingi hupikwa kwa mvinyo. Mhudumu hatakushangaa, kwa sababu kule kila meza ina mtu asiyekula kitu fulani na jikoni wamezoea kuulizwa.

Nakuomba pia ulisawazishe jambo moja la kifasihi, wewe ni mwalimu utanielewa. Wanaakademia hula Freden, kwenye chumba chao ghorofani, lakini mikutano yao ni Börshuset, jengo lililo kwenye uwanja wa Stortorget, mwendo mfupi kutoka hapo. Ndipo mshindi anapotangazwa. Na Gurnah mwaka ule hakupokea medali Stockholm. Ulikuwa wakati wa korona, akakabidhiwa London, Desemba 2021. Nakwambia haya kwa sababu chini ya Börshuset ipo makumbusho ya Nobel, na ndani yake kuna mkahawa mdogo, Bistro Nobel. Washindi wanaotembelea hutia saini chini ya viti. Mgeni wa kawaida, mwenye kahawa na kipande cha keki, hugeuza kiti chake akasoma jina. Kama unachokitafuta ni kukaa walipokaa, pengine umekitafuta kwenye meza ya gharama kuliko inavyohitajika. Mnaweza kwenda wewe na mkutubi mwenzio, wanawake wawili wa vitabu, mchana, bila ya mvinyo na bila ya wanaume kuvutana bili.

Mchana kwa jumla una neema zake. Siku za kazi, tangu saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, saa za huko, mikahawa mingi ya Stockholm hutoa chakula cha siku kwa bei moja, kwa kawaida kati ya kronor 120 na 170, pamoja na saladi, mkate na kahawa. Watu watano hamtafika 900. Hapo mchezo wako unatosha na unabaki. Anayependa samaki aende kwenye masoko ya ndani, Hötorgshallen au lile la Östermalm lililofunguliwa 1888. Pale juu ya Fjällgatan upo mkahawa wa Hermans, chakula cha kujipakulia kisicho na nyama kabisa, unakula huku unaziangalia meli. Swali la nguruwe halipo, la pombe bado lipo. Udhaifu wa mchana ni kuwa hauna uzito wa usiku. Wakwe wakikusudia kukutukuza, nawe ukaubadilisha mwaliko wao kuwa saladi ya saa sita, watauona upungufu huo hata wasipousema.

Rinkeby nisiipite. Umeuliza utawapelekaje wazee wawili huko. Mimi nakuuliza, umejuaje kuwa hawataki? Treni ya njia ya buluu inafika mpaka pale, na wali wa Kisomali kwa mbuzi, na ndizi yake pembeni, ni chakula cha heshima popote. Magazeti yameupa mtaa ule jina lake, na pengine ndilo linalomfanya mwanao asite. Ila ujue kuwa Rinkeby napo utakuwa mgeni. Chakula kitafanana na cha kwenu, lakini hutakuwa umewapikia wewe.

Ambapo narudi kwenye jambo ambalo uliliandika kwa mstari mmoja tu ukalipita: wali wa nazi, samaki wa kupaka, maandazi ya iliki. Barua yako ilipata joto hapo. Mwanao anasema nyumba ni ndogo. Nyumba za kule ni ndogo kweli, na moshi wa mafuta ya maandazi hukaa kwenye mapazia siku mbili, na atakayeosha sufuria usiku wa manane kabla ya kuamkia kazini ni yeye. Hayo ni ya kupima kwa haki. Lakini kwamba Waswidi hukutana nje tu, hilo sikulikuta. Watakuja kwa saa kamili mliyoagana, si dakika kumi mbele wala nyuma. Watavua viatu mlangoni bila ya kuambiwa, kama kwetu. Na ukiwawekea kahawa na andazi lenye iliki, sidhani kama kuna kitu utakachowapa kitakachowagusa zaidi, kwa sababu iliki ndiyo harufu ya mikate yao mitamu tangu utotoni. Ingia Vete-Katten, mgahawa wa keki wa tangu 1928 pale Kungsgatan, utaisikia toka mlangoni. Hapo hutahitaji mkalimani.

Unazo wiki tatu, Mwalimu. Usiku mmoja unaweza kuwa wao ni wenyeji, kwa mipaka utakayokuwa umeiweka na mwanao kabla, na alasiri nyingine ukawa wewe ni mwenyeji, kwa kahawa tu, pasipo karamu. Au kinyume chake, uanze na yako, ili mkifika Freden msiwe wageni tena kwa wageni. Au Freden uiache kabisa, ukaja ukaiendea siku nyingine na binti yako peke yenu, mkaagiza samaki mmoja mmoja na maji, mkaongea yale ambayo simu haikuyabeba. Kila moja ina mtu itakayempendeza na mtu itakayemnyima kidogo. Nani yuko tayari kunyimwa kidogo, hilo mtalijua nyinyi, na nadhani utalijua baada ya ile simu.

Iliki beba, inaruhusiwa. Nyama na maziwa usijaribu, watakuondolea uwanja wa ndege. Na siku utakayokaa Bistro Nobel, geuza kiti chako usome chini yake, kisha uniandikie umekuta jina la nani.